Mchicha Mbele ya Nyumba ni Kosa Gani?

Katika mji mdogo wa Miami Shores, jimbo la Florida nchini Marekani, mke na mume walilima mboga mbele ya nyumba yao kwa miaka 17. Hawakupachagua hapo kwa ubishi. Nyuma ya nyumba palikuwa na kivuli sehemu kubwa ya siku, na mboga ikikosa jua hurefuka ovyo ikitafuta mwanga, mwishowe ikabaki shina jembamba lisilo na kitu. Mwaka 2013 halmashauri ya mji ikarekebisha sheria zake: bustani ya mboga ni ruksa nyuma ya nyumba tu. Atakayekaidi, faini dola 50 kwa kila siku inayopita. Wakang'oa bustani yote kwa mikono yao, kisha wakaenda mahakamani.

Mimi ni mtu wa mipango miji, na nimeshiriki kuandika kanuni ambazo leo ningezifuta kwa furaha. Kesi hiyo naitaja kila ninapokaa na madiwani, kwa sababu ya jambo moja. Mbele ya nyumba ileile sheria iliruhusu maua. Iliruhusu miti ya matunda. Iliruhusu hata zile sanamu za plastiki za ndege flamingo ambazo watu wa Florida huzipenda. Mwembe ni sawa, bamia ni kosa. Udongo ni uleule, maji ni yaleyale, na mpita njia hadhuriki kwa kimoja zaidi ya kingine.

Halmashauri ilijitetea kwa neno moja: mandhari. Wengi wetu tungedhani hakimu angeuliza ubaya wa kabichi uko wapi, lakini mahakama haikuwa na kazi ya kupima kama sheria ile ni ya busara. Kwa utaratibu wa Marekani, sheria ya mji isipogusa haki ya msingi kabisa ya raia, hakimu huangalia mambo mawili tu: je, serikali ina lengo halali, na je, sheria ina uhusiano wowote wa maana na lengo hilo? Kulinda sura ya mji ni lengo halali, na kuzuia mboga mbele ya nyumba kunabadili sura ya mji. Basi. Walalamikaji walishindwa mwaka 2016, wakashindwa tena kwenye rufaa mwaka 2017, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Florida ikakataa kuisikiliza kesi yao.

Waliookoa bustani ni watunga sheria wa jimbo. Tangu tarehe 1 Julai 2019, hakuna halmashauri ya Florida yenye mamlaka ya kudhibiti bustani ya mboga kwenye kiwanja cha makazi, iwe mbele, nyuma au ubavuni. Sehemu ninayoipenda zaidi katika sheria hiyo ni ile inayosema nini hakikuguswa. Halmashauri bado inaweza kubana matumizi ya maji wakati wa ukame. Bado inaweza kusimamia mbolea, na mimea vamizi pia. Ilichonyang'anywa ni uwezo wa kuinyooshea kidole mboga kwa sababu tu ni mboga. Jimbo la Illinois nalo likaweka sheria ya namna hiyo, ikaanza kutumika Januari 2022. Upungufu upo: sheria ya Florida inazifunga halmashauri, haivifungi vyama vya wamiliki wa nyumba, ambavyo wanachama wake hukubaliana kwa mkataba. Anayeishi ndani ya mkataba wa namna hiyo bado anaweza kukatazwa nyanya.

Chuki hii dhidi ya mboga ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ukoka. Uwanja wa majani mafupi mbele ya nyumba ni urithi wa mabwanyenye wa Uingereza wa karne za 17 na 18. Kuacha ardhi nzuri iwe majani matupu, yakatwe na vibarua kwa mikono, kulikuwa ni kumwambia jirani: mimi sina haja ya kulima ili nile. Mwaka 1830 Mwingereza Edwin Budding akabuni mashine ya kukata majani, na polepole mtu wa kipato cha kawaida naye akaweza kuiga ubwanyenye huo. Huko Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, mtaa mpya wa Levittown, ulioanza kujengwa mwaka 1947, uliwabana wakazi kwa masharti kwamba majani yakatwe kila wiki katika msimu wake. Na hao ni watu waliokuwa wametoka tu kulima bustani za vita: zilikadiriwa kufika milioni 20, mpaka mke wa rais, Eleanor Roosevelt, akawa na yake Ikulu mwaka 1943. Njaa ilipotisha, mboga mbele ya nyumba ilikuwa uzalendo. Hofu ilipoisha ikageuka aibu.

Sisi tusijione tumepona. Dar es Salaam ya mkoloni ilipangwa kwa kanda: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kanuni za mji mzuri ziliandikwa na watu waliotaka Uzunguni pafanane na kwao. Walipoondoka, kanuni hatukuzichoma. Kwa miaka mingi sheria ndogo za miji kadhaa ya Afrika Mashariki zimekuwa zikikataza mahindi na mazao mengine marefu mjini, na hadi leo utasikia tangazo la kufyeka mvua za masika zinapokaribia. Lakini mwaka 1974 chakula kilipokuwa haba, serikali ya Tanzania ilipiga mbiu ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na wakazi wa mijini wakahimizwa kushika jembe. Kanuni za kilimo mijini za mwaka 1992 zilimtambua mkulima wa mjini, zikamwekea mpaka wa ekari 3. Leo tunamhimiza, kesho tunamfyekea.

Sababu zinazotolewa ni mbili, wezi na mbu. La wezi silipuuzi: shamba la mahindi lililoshonana pembezoni mwa njia isiyo na taa linamtisha mwanamke anayerudi kazini usiku, na hofu yake ni haki yake. Ila hilo ni suala la urefu na mahali. Shina la mahindi linazidi kimo cha mtu. Tuta la mchicha haliwezi kumficha hata paka.

La mbu linahitaji maelezo zaidi. Mbu anayeeneza malaria kwa wingi kwetu, Anopheles gambiae, hupenda kutaga kwenye vidimbwi vidogo vya ardhini vinavyopigwa na jua: alama ya kwato, njia ya tairi, shimo la kuchimbia udongo wa tofali. Yale maji machache yanayokaa kwenye kikwapa cha jani la muhindi si makazi yake. Wapo mbu wanaozaliana kwenye vikwapa vya majani ya migomba na magimbi, lakini hao ni jamii nyingine, inayohusishwa na homa ya manjano. Haki lazima itendeke kwa pande zote: utafiti uliofanywa Ethiopia ulionyesha kwamba chavua ya mahindi ikidondokea kwenye kidimbwi huwalisha viluwiluwi wa mbu wa malaria, wakakua vizuri zaidi. Kwa hiyo mahindi hayana usafi kamili. Hata hivyo kinachowazaa mbu hao ni kidimbwi. Ukifyeka mahindi na kuacha mtaro ulioziba, umefanya kazi ya bure.

Nitoe mfano wa karibu. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu. Mbele ya nyumba yake ana ndoo za rangi 14 alizozitoboa chini, na viroba vilivyojazwa udongo na samadi. Matembele aliyapanda kwa mapingili, yakatambaa mpaka barazani. Mbegu za mchicha huzichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuzisia ili zisirundikane. Siku 25 baadaye anang'oa, anafunga mafungu, mengine anawapa wapangaji. Siku moja mgambo wawili walimwambia aondoe, "panachafua mtaa". Aliwauliza kwa upole, "Wanangu, uchafu ni upi? Nionyesheni niuzoe." Hawakuwa na jibu. Hatua kumi kutoka kwake, mtaro ulikuwa umejaa maji meusi na chupa za plastiki.

Mtaalamu mwenzangu akiniuliza sheria nzuri iseme nini, namjibu kwamba itaje madhara, iache kutaja mmea. Mmea wowote usizibe macho ya dereva kwenye kona, uwe mahindi au waridi. Maji yasituame, kwenye ndoo ya mboga wala kwenye chungu cha maua. Dawa kali za wadudu zisipulizwe karibu na dirisha la jirani. Maji ya chooni yasimwagiwe mboga za majani. Pale penye barabara yenye magari mengi, au palipokuwa gereji, udongo unaweza kuwa na madini ya risasi yaliyoachwa na petroli ya zamani na betri. Hapo mtu apande kwenye chombo chenye udongo wa kutoka kwingine, na aoshe mboga vizuri kabla ya kupika. Sheria ya namna hiyo mgambo anaweza kuisimamia akiwa na sababu mkononi, na mwananchi anaweza kuielewa bila wakili.

Kwa msomaji wa Tanzania nina ombi. Halmashauri ya mji haiwezi kutunga sheria ndogo kimyakimya. Inapaswa kwanza kuwatangazia wakazi kusudio lake ili wenye pingamizi walitoe, na sheria yenyewe ipate kibali cha waziri. Tangazo hilo hubandikwa kwenye mbao za matangazo ambazo wengi wetu tunapita bila kutazama. Likibandikwa kwenu, lisome lote. Ukikuta neno "mazao", mwandikie diwani wako kabla muda wa pingamizi haujaisha, umwombe aandike ni madhara gani yanayozuiwa.