Kitabu cha Mamba

Jioni moja, katika kilima kimoja cha Lemera, kijana wa shule ya sekondari aliketi mlangoni pa nyumba yao akisoma kitabu. Jua lilikuwa linakwenda kuzama, na chini kabisa bonde la Ruzizi lilianza kujaa kivuli. Baba yake alirudi kutoka mkutano wa shirika, kwa maana yeye ndiye kiongozi wa Wakristu wa mtaa ule. Akamwuliza, "Mwanangu, unasoma nini?"

Kijana akajibu kwa heshima, "Ni hadithi tuliyopewa shuleni, baba. Mamba anamkamata mtoto mtoni, kwa kuwa bibi mmoja mchawi amemtuma."

Baba akanyosha mkono, akakitwaa kitabu, akakiweka juu ya kabati. "Katika nyumba hii sote tumebatizwa," akasema. "Vitabu vya uchawi havisomwi hapa."

Mtihani ulikuwa karibu. Kijana hakuthubutu kubishana na baba yake, lakini usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alimweleza mwalimu wake mambo yote, na mwalimu akaahidi kupita nyumbani kwao siku ya Jumapili baada ya Misa. Mazungumzo ya Jumapili ile yanafaa kusikiwa na wazazi wengi na wanafunzi wengi, ndiyo sababu tunayaandika hapa.

KITABU CHENYEWE

Kitabu kile kinaitwa Ngando, neno la Kilingala lenye maana ya mamba. Aliyekiandika ni Paul Lomami Tshibamba. Alizaliwa Brazzaville mwaka 1914, akasomeshwa katika seminari ndogo, kisha akafanya kazi ya ukarani na ya kuandika magazetini katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1945 aliandika makala katika gazeti La Voix du Congolais, akiuliza Waafrika waliokwisha kusoma watapewa nafasi gani katika dunia ya kesho. Swali hilo halikuwapendeza wakubwa wa serikali, nalo lilimletea taabu nyingi. Mwaka 1948 hadithi yake ya Ngando ilipata tuzo katika mashindano ya waandishi huko Bruxelles. Wengi huihesabu kati ya riwaya za kwanza kabisa zilizoandikwa na Mkongo kwa Kifaransa. Mwandishi huyu alifariki mwaka 1985.

Hadithi yenyewe ni hii kwa ufupi. Mtoto aitwaye Musolinga anaacha kwenda shuleni, anakwenda mtoni pamoja na wenzake kuogelea. Mamba anamkamata. Watu wanasadiki kwamba mamba yule si mnyama tu, bali ametumwa, na nyuma yake yuko mwanamke mzee, Mama Ngulube. Munsemvola, baba wa mtoto, hakubali kumpoteza mwanawe. Anakwenda kwa mganga, anapewa masharti, anaingia katika safari ya kutisha ili amrudishe. Lakini mwishoni, wokovu ukiwa karibu, sharti linavunjwa, na yote yanapotea.

Sisi tunaokaa karibu na Ruzizi na Ziwa Tanganyika hatuna haja ya kuelezwa hofu ya mamba. Mama akishuka bondeni na watoto wake, huwakataza wasikaribie maji. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lemera anaweza kuielewa hadithi hii upesi kuliko mwanafunzi wa mji mkubwa asiyepata kuona mamba. Lakini hofu hiyohiyo inaweza kumfunga macho asione jambo jingine lililomo.

MTU WA HADITHI SI MWANDISHI

Mwalimu alipokwisha kukaribishwa na kupewa kiti, baba alisema waziwazi: "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini Kanisa linakataza uchawi na uganga. Mbona mnawafundisha watoto mambo hayo?"

Mwalimu hakukasirika. Aliuliza, "Baba, ile habari ya msimamizi asiye mwaminifu, katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya kumi na sita, unaikumbuka?"

"Naikumbuka. Yule aliyepunguza hesabu za wadeni wa bwana wake."

"Basi, je, Bwana Yezu alitufundisha kuiba?"

Baba akacheka kidogo. "Hapana. Alitaka tuone jinsi watu wa dunia wanavyotumia akili kwa ajili ya kesho yao, ili nasi tusilale katika mambo ya Mungu."

"Vema. Mwizi yumo katika mfano, lakini msimulizi wa mfano hakuusifu wizi. Ndivyo ilivyo katika hadithi zote. Hata wazee wetu, wakitusimulia jioni motoni habari za Sungura mdanganyifu, hawakutaka tuwe wadanganyifu."

Hili ndilo fundisho la kwanza, nalo wanafunzi wengi hulikosa. Akiona katika kitabu mtu anayesema uongo, huandika katika karatasi ya mtihani kwamba mwandishi anapenda uongo. Akiona mganga, huandika kwamba mwandishi anasifu uganga. Sivyo. Mwandishi huwapa watu wa hadithi maneno na matendo yao, kisha huwaacha watembee mbele yetu. Ni kazi yetu kutazama mwendo wao unawafikisha wapi.

NAMNA YA KUMJUA MTU WA HADITHI

Wanafunzi wengi hujifunza kwa moyo orodha: huyu ni mhusika mkuu, huyu ni mdogo, huyu ni mwema, huyu ni mbaya. Orodha hiyo ni kama majina ya wageni waliofika arusini. Ukijua majina yao, bado hujawajua wenyewe.

Ukitaka kumjua mtu wa hadithi, ingia kwa milango minne. Mlango wa kwanza ni maneno yake: anasema nini, na anasema mbele ya nani? Wa pili ni matendo yake: anafanya nini asipoonwa na mtu? Wa tatu ni maneno ya wengine: wanamsema je, nao ni watu wa kuaminiwa, au wana chuki na hofu? Wa nne ni njia yake: mwishoni yu sawa na alivyokuwa mwanzoni, au amegeuka?

Siku ile mama wa nyumba alikuwa akisikiliza huku akichambua sombe. Yeye hakupata kusoma zaidi ya miaka miwili. Akamwuliza mwanawe, "Huyo baba wa mtoto, alitaka nini? Tena aliogopa nini?"

Mwalimu akasema, "Mama, umetufundisha sote."

Kwa kweli, maswali hayo mawili yanafungua milango yote minne. Munsemvola alitaka nini? Alitaka mwanawe. Aliogopa nini? Aliogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Basi sasa twaelewa kwa nini alikimbilia kwa mganga. Hatusemi kwamba alifanya vema. Twasema kwamba twamwelewa. Kumwelewa mtu si kumkubalia yote. Padri katika kiti cha maungamo humwelewa mwenye dhambi, wala haiiti dhambi kuwa wema.

Na Musolinga? Si mtoto mbaya. Ni mtoto aliyependa maji kuliko darasa, kama watoto wengi tunaowajua. Hapo mama alimtazama mwanawe mdogo aliyekuwa pembeni, na mtoto akainamisha kichwa, kwa maana siku ya Ijumaa hakufika shuleni.

KIINI SI NENO MOJA

Kosa jingine ni la kiini cha hadithi. Mwanafunzi akiulizwa kiini cha Ngando ni nini, hujibu, "Uchawi." Hilo ni jambo linalotajwa, bado si kiini. Mtu akikuuliza mahubiri ya Jumapili yalihusu nini, ukajibu "mkate", hujamwambia kitu. Atauliza: Padri alisema nini juu ya mkate?

Kiini ni neno kamili ambalo hadithi nzima inalisimamia. Msomaji mmoja ataweza kusema: hadithi hii yaonyesha kwamba upendo wa baba ni mkubwa, lakini peke yake hautoshi kumwokoa mtoto. Mwingine atasema: yaonyesha watu waliokaa kati ya dunia mbili, ile ya mababu na ile ya mji mpya wa Wazungu, wasipate raha katika hata moja. Wa tatu, akikumbuka kwamba iliandikwa wakati wa ukoloni na mtu aliyekwisha kuteswa kwa ajili ya swali lake, ataona ndani yake huzuni ya watu wanaokaribia kushika wanachokitamani, kisha kikawaponyoka.

Nani mwenye haki? Wote watatu wanaweza kuwa nayo, iwapo kila mmoja ataweza kuweka kidole juu ya mambo yaliyomo kitabuni na kusema, "Tazama hapa." Asiyeweza kuonyesha mahali ametunga hadithi yake mwenyewe.

Hata wasomaji wakubwa hubishana. Mwaka 1953 Camara Laye wa Guinea alitoa kitabu L'Enfant noir, akisimulia utoto wake Kouroussa: baba yake mfua dhahabu, yule nyoka mweusi aliyekuwa kama mlinzi wa ukoo, na mama yake aliyeheshimiwa na wote. Wengi walikipenda. Lakini Mongo Beti wa Kamerun alimlaumu vikali, akiuliza mbona mateso ya ukoloni hayaonekani humo. Mmoja alitazama kilichoandikwa. Mwingine alitazama kilichonyamazwa. Msomaji mwenye busara hutazama pande zote mbili.

HADITHI INAPOMGEUKIA MSOMAJI

Basi baba alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Mwalimu, umejibu vizuri, lakini neno moja limebaki. Katika kitabu hiki yule bibi ni mchawi kweli. Mtoto akisoma, si ataamini kwamba kila bibi anaweza kuwa hivyo?"

Swali hilo halikuwa mchezo. Kila mtu aliyekuwapo alijua sababu yake. Wiki mbili zilizotangulia mtoto wa jirani alikuwa amekufa kwa homa, na watu walianza kunong'ona juu ya mjane mmoja mzee akaaye peke yake karibu na mgomba wa mwisho wa kijiji. Nasi twajua minong'ono kama hiyo inakofika. Mwaka 2021 wanawake kadhaa waliuawa katika Kivu ya Kusini kwa sababu walisingiziwa uchawi.

Mwalimu akajibu polepole: "Baba, nani aliyemwumba Mama Ngulube?"

"Mwandishi."

"Ndiyo. Kwa hiyo anamjua mpaka ndani ya moyo, naye anaweza kutuambia bila kukosea kwamba ni mchawi. Lakini yule mjane wa kijiji chetu, nani aliyemwumba?"

Hapakuwa na jibu, maana wote walilijua.

"Basi," akaendelea mwalimu, "ni nani aliyetufungulia moyo wake hata tukausoma kama kitabu? Tumemwendea kwa mlango mmoja tu, ule wa maneno ya wengine. Nao wanaosema wamejaa hofu na kilio. Katika mtihani, mwanafunzi akimhukumu mtu wa hadithi hivyo, nampa sifuri. Je, kwa mtu wa kweli tutahukumu kwa uvivu zaidi?"

Wasomaji wapenzi, mwakumbuka habari ya nabii Natani na mfalme Daudi. Nabii alisimulia juu ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi aliwaka hasira, akamhukumu tajiri yule; ndipo nabii akamjulisha kwamba tajiri ni yeye mwenyewe. Hadithi njema hufanya hivyo. Twaanza kwa kuwatazama watu waliomo, na kabla hatujaimaliza, wao wanatutazama sisi.

Baba akasimama, akakishusha kitabu kutoka juu ya kabati, akampa mwanawe. Akasema, "Soma kwa sauti, ili nasi tusikie. Ukifika mahali pa mganga, tutasimama tuzungumze." Jioni ile, kabla ya giza kuingia, jirani mmoja alimwona akielekea upande wa mgomba wa mwisho, mkononi akichukua mfuko wa unga. Tena Jumapili iliyofuata, katika mkutano wa shirika, yeye ndiye aliyesimama akawakumbusha watu amri ya tano na amri ya nane: usiue, wala usimshuhudie jirani yako uongo.

Enyi wazazi, msikitupe kitabu kabla hamjauliza kinasema nini. Kaeni na watoto wenu, hata asiyejua kusoma anaweza kuuliza, kama mama yule: "Alitaka nini? Aliogopa nini?" Mkiona jambo lisilopatana na imani, semeni waziwazi sababu yake, maana mtoto aliyenyang'anywa kitabu bila maelezo atakisoma mafichoni, peke yake, bila wa kumwongoza.

Nanyi wanafunzi, msisome kwa ajili ya karatasi ya mtihani tu. Karatasi itasahihishwa na kutupwa, bali macho mliyoyazoeza katika kitabu mtayatumia maisha yenu yote, kila mtakapoletewa neno baya juu ya mtu asiyekuwapo kujitetea.