Mishipa Mibovu ya Miguu na Matibabu Yake

Somo la leo ni juu ya mishipa ya damu. Itazameni miguu yenu. Je, mnaona mishipa iliyovimba na kujipinda kama kamba chini ya ngozi? Wengi husema ni uzee tu. Lakini mishipa hiyo yaweza kuleta kidonda kisichopona upesi.

Damu hutoka moyoni ikashuka mpaka nyayoni. Kurudi kwake ni kama kupanda mlima. Tunapotembea, misuli ya shavu la mguu huibana mishipa, nayo damu husukumwa juu. Ndani ya mishipa mna vali, yaani vilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu. Vilango vikiharibika, damu hurudi chini ikatuama, na mshipa huvimba. Ngozi karibu na kifundo huwasha, hugeuka rangi, na mwisho yaweza kupasuka ikawa kidonda.

Zamani daktari alipasua mguu akaung'oa mshipa mbovu. Siku hizi iko njia nyepesi zaidi. Daktari huutazama mshipa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Hutia ganzi, kisha hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa kwa tundu dogo. Ncha ya mrija hutoa joto, na mshipa hujifunga. Je, damu itapita wapi? Itapita katika mishipa mizima iliyo ndani zaidi. Kwa kawaida mgonjwa hurudi kwake siku ile ile.

Mwaka 2018 madaktari wa Uingereza walitangaza utafiti wa wagonjwa 450 wenye vidonda vya namna hii. Wote walifungwa bandeji za kubana. Nusu ya waliozibwa mishipa mapema walikuwa wamepona kwa siku 56; kwa waliongojeshwa, ilichukua siku 82. Basi msikawie kumwona daktari.

Si kila hospitali ina mashine hizo. Hata hivyo, tembeeni kila siku, na mkipumzika inueni miguu. Mshipa ukitoka damu, lala chini, inua mguu, ukandamize kwa kitambaa safi. Mguu mmoja ukivimba ghafula na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo; huenda damu imeganda ndani.

Maswali:
1. Vilango vya mishipa vina kazi gani?
2. Mshipa mbovu ukizibwa, damu hupita wapi?
3. Utafanya nini mguu mmoja ukivimba ghafula?