Daraja la Gitaa Kavu: Sauti na Uimara

Daraja la gitaa kavu ni kipande cha mti mgumu kilichobandikwa kwa gundi kwenye ubao wa mbele, chini ya tundu la sauti. Nyuzi sita hushikiliwa hapo, zikilalia kipande chembamba cha mfupa au plastiki. Uzi peke yake ni mwembamba mno kuitikisa hewa hadi sauti isikike mbali. Daraja huupokea mtikisiko wake na kuufikisha kwenye ubao, na ubao ndio unaovuma.

Kwa hiyo uzito wa daraja una neno kubwa. Daraja jepesi huachia sauti upesi na kwa nguvu. Zito huchelewa kuamka, ila mlio wake hudumu. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji ni mti mzito unaozama majini, hivyo fundi anayeutumia hulazimika kulichonga daraja liwe jembamba. Katika nchi ya Waluhya, magharibi mwa Kenya, kuanzia Kisa hadi Mundika, uzito huo una maana ya pekee. Omutibo, mtindo wa gitaa uliovumishwa na George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, hupigwa kwa kidole gumba na cha shahada, chupa ya soda ikigongwa kando. Noti zake ni fupi na hufuatana mbio. Daraja zito lingezizamisha.

Wepesi nao una mpaka. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, za nailoni karibu 40. Mvuto huo hulipindua daraja kuelekea shingoni: ubao hubonyea mbele yake na kuvimba nyuma yake. Ndiyo sababu ndani huwekwa mbavu za mti. Mpangilio wa mbavu zinazokatizana kama herufi X ulitumiwa na fundi wa magitaa C. F. Martin huko Marekani miaka ya 1840, enzi za nyuzi za utumbo, ukaja kufaa sana kwa chuma. Mfupa unaolaliwa na nyuzi ukiwa mrefu kwenda juu huongeza nguvu ya sauti, lakini huzidisha kupindua huko.

Magitaa mengine hufunga nyuzi kwenye bati lililoshikizwa kitakoni, daraja likikandamizwa tu na nyuzi. Ubao hupumzika; sauti huwa kali na hukatika mapema.

Adui mkubwa wa daraja la gundi ni joto. Gitaa likiachwa juani ndani ya lori lililo kwenye foleni ya mpakani Malaba, gundi hulegea. Karatasi ikipenya chini ya ukingo wa nyuma wa daraja, nyuzi zilegezwe mara moja, gundi kuukuu ikwanguliwe na daraja libandikwe upya. Kulikaza kwa skrubu huongeza uzito na huweza kupasua ubao. Na gitaa lililoundwa kwa nailoni lisifungwe kamwe nyuzi za chuma.