Je, Ukristo ni Dini ya Mzungu? Sababu za Waumini Kujibu

Katika nchi ya Kisii na Nyamira, ambako Wasabato hujaza makanisa siku ya Jumamosi na Wakatoliki siku ya Jumapili, yapo maneno yasemwayo mara kwa mara na baadhi ya wasomi: ya kwamba Ukristo ni dini ya Mzungu, iliyoletwa ili Mwafrika atawaliwe kwa urahisi. Wengi husema kwamba muumini hana haja ya kuyajibu, kwani Mungu hahitaji wakili. Lakini waumini hujibu, nao wana sababu zao.

Shtaka lenye ukweli ndani yake

Kwanza yafaa kukubali kwamba shtaka hilo halikutoka hewani. Waingereza waliwapiga Wagusii mwaka 1905, na tena mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki Bwana Northcote, ofisa wa Serikali. Mwaka 1911 mapadre wakafungua misheni ya Nyabururu, na baadaye kidogo Waadventista wa Sabato wakajenga Nyanchwa. Kwa hiyo dini ilifika nyuma ya bunduki. Septemba 1914, wakati wa Vita Kuu, Waingereza walipouacha mji wa Kisii kwa muda, watu walipora mali za misheni pamoja na za Serikali. Machoni pao hao walikuwa kitu kimoja.

Jibu la waumini

Lakini njia aliyopitia mgeni si ushahidi kwamba habari aliyoileta ni ya uongo. Tena Ukristo ulikuwa Afrika kabla ya Mwingereza kuupokea. Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia, aliongoka katika karne ya 4, na Augustino, mwalimu mkuu wa Kanisa, alizaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Aljeria. Wamisionari waliotumwa na Papa kwa Waingereza walifika Kent mwaka 597.

Na katika Kisii yenyewe, dini haikubaki mikononi mwa wageni. Jimbo Katoliki la Kisii lilipoundwa mwaka 1960, askofu wake wa kwanza alikuwa Mwafrika, Maurice Otunga, miaka mitatu kabla ya Uhuru. Leo Neno husomwa na kuhubiriwa kwa Ekegusii. Mwenye kusema kwamba watu hawa wamedanganywa tu, awafanya babu zao kuwa watoto wasioweza kupima jambo na kuchagua. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya waumini kutonyamaza: wanatetea imani yao, na pamoja nayo akili ya wazee wao.

Kujibu kwa maneno

Faida ya kujibu ilionekana Machi 1970, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alipouambia Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki kwamba yeye si Mkristo. Mzee mmoja alisimama kwa hasira akamkumbusha kwamba hata jina lake, James, ni la Kikristo. Ngũgĩ alilipima neno hilo, na baadaye akaliacha jina. Mzee hakumrudisha kanisani, lakini alimfanya apatanishe maneno yake na maisha yake.

Mwaka 2016 chama cha wasioamini kiliandikishwa katika Kenya, kisha mwaka huo huo uandikishaji wake ukasimamishwa, baada ya viongozi wa dini kulalamika. Hapo waumini wapaswa kujihadhari. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 humlinda kila mtu katika dhamiri na imani yake. Sheria imlindayo mwenye kusali Nyanchwa humlinda pia jirani yake asiyesali. Hoja hujibiwa kwa hoja. Mkristo akitaka mkono wa Serikali umnyamazishe mpinzani wake, atakuwa amelithibitisha lile shtaka la zamani, kwamba dini na utawala ni kitu kimoja. Akijibu kwa subira, akikubali palipo na kosa na kushikilia palipo na kweli, hata asiyeamini atamsikiliza.