Gitaa la stili la pedali: Mambo matano ambayo wengi huyaelewa vibaya

Kila kipindi cha muziki wa country kinapokwenda hewani, kuna swali ambalo halikosi kurudi kutoka kwa wasikilizaji: ni chombo gani kile kinacholia kama mtu? Wengine wanasema ni fidla. Wengine wanaamini ni kinanda cha umeme, au gitaa la kawaida lililopitishwa kwenye mashine.

Mara nyingi jibu ni gitaa la stili la pedali. Ni chombo ambacho wapenzi wengi wa country nchini Kenya wamekisikia tangu utotoni bila kukiona hata mara moja, kwa hiyo si ajabu kwamba maelezo yasiyo sahihi yamezagaa. Maelezo hayo yana gharama yake. Kijana anayetaka kujifunza anaweza kumaliza akiba yake kwa kununua chombo tofauti kabisa, au akakata tamaa kabla hajaanza.

Haya hapa ni mambo matano yanayosemwa mara kwa mara, na ukweli wake.

1. "Ni gitaa la kawaida lililolazwa"

Gitaa la kawaida lina nyuzi 6, na mpigaji hubana nyuzi kwa vidole vya mkono wa kushoto kwenye freti, yaani vile vijifito vya chuma vilivyo shingoni.

Gitaa la stili la pedali husimama kwa miguu yake lenyewe kama meza nyembamba, na mpigaji huketi nyuma yake. Aina iliyoenea zaidi ina nyuzi 10. Kubwa lina shingo mbili zilizolazwa sambamba, kila moja na nyuzi zake 10. Freti hakuna. Mistari unayoiona imechorwa tu ili kumwongoza mpigaji.

Mkono wa kushoto hushika kipande kizito cha chuma, cha mviringo na laini, kinachopita juu ya nyuzi bila kuzikandamiza hadi chini. Mkono wa kulia hucharaza nyuzi, kwa kawaida dole gumba na vidole viwili vikiwa vimevishwa kucha za bandia za plastiki au chuma.

Jina la chombo limetokana na kile kipande cha chuma. Wengi hudhani gitaa lote limetengenezwa kwa chuma, ilhali mengi yana mwili wa mbao.

2. "Pedali ni za kuongeza sauti au kuweka mwangwi"

Dhana hii inaeleweka, kwa sababu wapiga gitaa wengi tunaowaona jukwaani hukanyaga visanduku vya umeme vinavyobadilisha mlio. Pedali za stili hazifanyi kazi hiyo. Chini ya gitaa kuna vyuma vyembamba na wenzo zinazounganisha kila pedali na nyuzi maalumu. Mpigaji akikanyaga, uzi unavutwa na sauti yake inapanda kwa kiasi kilichopangwa. Akiachia, unarudi pale ulipokuwa. Wenzo nyingine husukumwa kwa magoti, na baadhi yake hulegeza uzi ili sauti ishuke. Ni kazi ya mitambo, haihitaji umeme.

Pedali ya kuongeza na kupunguza sauti ipo pia, lakini ni kifaa cha pembeni kinachokanyagwa kwa mguu wa kulia. Nayo kazi yake kubwa si kupiga kelele zaidi. Uzi ukishacharazwa, mlio huanza kufifia. Mpigaji huikanyaga pole pole kadiri mlio unavyofifia, na noti inaonekana kuendelea bila kukatika. Hapo ndipo msikilizaji anapodhani amesikia fidla.

3. "Ule mlio wa kulia ni kuteleza kwa chuma tu"

Kuteleza kupo, lakini siri kubwa iko miguuni.

Chukua mfano wa mpangilio wa nyuzi unaotumika zaidi katika country, unaoitwa E9. Bila kukanyaga chochote, mpigaji anaweza kucharaza nyuzi tatu zenye noti za E, G kali na B. Zikilia pamoja zinatoa kodi ya E meja. Akikanyaga pedali mbili za kwanza kwa mguu wa kushoto, B inapanda hadi C kali, na G kali inapanda hadi A. E haiguswi. Sasa anasikia kodi ya A meja, na mkono wake wa kushoto haujasogea hata kidogo.

Tazama kilichotokea: noti mbili zimepanda, kila moja kwa kiasi chake, huku ya tatu ikibaki palepale. Kipande cha chuma kikitelezeshwa peke yake, nyuzi zote hupanda au kushuka pamoja. Sauti moja kutulia huku nyingine zikihama ndiko kunakoleta ule mlio unaofananishwa na kilio.

Mlio huo ulipata umaarufu mwaka 1954, pale Bud Isaacs alipoupiga katika "Slowly", wimbo wa Webb Pierce uliofika nafasi ya kwanza katika chati za country Marekani. Wapigaji wengine walianza kutafuta namna ya kufunga pedali kwenye magitaa yao. Baadaye Buddy Emmons aligawa kazi ya pedali ya Isaacs katika pedali mbili, ili kila noti iweze kuhamishwa peke yake. Mgawanyo huo ndio unaotumika hadi leo.

4. "Bila kipaji cha ajabu huwezi"

Ni kweli kwamba mikono miwili, miguu miwili na magoti mawili hushiriki. Lakini havianzi vyote siku moja. Anayejifunza anaweza kukaa muda mrefu na zile pedali mbili za kwanza, na tayari akapiga mengi yanayosikika katika nyimbo za zamani.

Ugumu halisi uko mahali ambapo wengi hawapatazami. Kwanza ni usahihi wa noti. Kwa kuwa hakuna freti, chuma kikisogea kidogo tu nje ya mstari, noti inapotoka, na sikio la msikilizaji hutambua mara moja. Pili ni kunyamazisha. Nyuzi 10 zilizo wazi huendelea kulia zenyewe, kwa hiyo kiganja cha kulia hufanya kazi kubwa ya kuzizima zisizotakiwa. Mazoezi mengi ni ya kuzima sauti kuliko ya kuitoa.

5. "Ni chombo cha wachunga ng'ombe wa Marekani"

Mizizi yake haiko Texas wala Nashville. Mtindo wa kupitisha chuma juu ya nyuzi ulianzia visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na Joseph Kekuku ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi. Gitaa la umeme la mwanzo kufanikiwa sokoni, mwaka 1932, lilikuwa la stili la kupakata mapajani kwa mtindo huo wa Hawaii. Country ililipokea baadaye.

Afrika nayo ina sehemu yake. King Sunny Adé wa Nigeria aliingiza stili ya pedali katika muziki wa juju, na mpigaji wake Demola Adepoju anasikika katika albamu ya "Juju Music" ya mwaka 1982. Marekani, makanisa ya Wamarekani weusi ya House of God yamekuwa yakitumia stili katika ibada kwa miongo mingi, na huko ndiko alikotokea Robert Randolph. Naye Buddy Emmons alirekodi albamu nzima ya jazz mwaka 1963.

Kwa upande mwingine, si kila wimbo wa country una stili. "He'll Have to Go" wa Jim Reeves, unaopendwa sana Afrika Mashariki, umebebwa na piano ya Floyd Cramer.

Kabla ya kununua

Ukiona tangazo la "gitaa la stili" kwa bei nafuu, hesabu nyuzi na uangalie chini yake. Likiwa na nyuzi 6 na halina pedali, hilo ni la kupakata. Ni chombo kizuri cha kujifunzia kutumia chuma, ila zile kodi zinazohama hutazipata.

Kwa anayetaka kusikiliza tu, jaribu hivi Jumapili ijayo. Mwimbaji akimaliza mstari na ule mlio ukaingia, usifuate noti inayopanda. Tafuta ile iliyobaki imetulia chini yake. Ukiisikia, umeisikia stili ya pedali.