Mbio za Sikukuu Garsen: Jihadhari na Joto Kabla ya Kuvunja Rekodi Yako

Ifikapo Desemba 12, Sikukuu ya Jamhuri, wakazi wengi wa mijini huwa wamerudi makwao, na huko mara nyingi hakukosi mbio za barabarani. Ikiwa kwenu ni Garsen au vijiji vya kando ya Mto Tana, nawe umefanya mazoezi Nairobi mwaka mzima, huenda umekwisha kupiga hesabu. Nairobi iko juu na hewa yake ni nyepesi. Garsen iko chini, karibu na bahari, hewa ni nzito. Basi kilomita kumi unazozimaliza kwa dakika 50, huko utazikimbia kwa 47.

Hesabu hiyo ina ukweli nusu. Kila pumzi ya Garsen ina oksijeni zaidi, lakini misuli ikifanya kazi, yapata robo tatu ya nguvu inayotumika hugeuka kuwa joto. Joto hilo hutoka hasa jasho linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikijaa unyevu, jasho hutiririka tu na kudondoka bila kuupoza mwili. Moyo nao hulazimika kuigawa damu: nyingine iende misulini, nyingine kwenye ngozi ikapoe. Mwendo uleule wa Nairobi sasa unauchosha zaidi.

Hata mabingwa hawaponi. Boston Marathon, ambayo pia hukimbiwa siku ya sikukuu, ilishindwa na Geoffrey Mutai mwaka 2011 kwa saa 2:03:02, upepo ukimsukuma mgongoni. Mwaka 2012 joto lilifika karibu digrii 30. Mutai aliacha njiani, na Mkenya mwenzake Wesley Korir akashinda kwa saa 2:12:40. Barabara ilikuwa ileile.

Mwili huzoea joto kwa siku kumi hadi 14 za mazoezi. Aliyeshuka basi juzi hajazoea. Huyo aanze polepole, na akishindwa kutamka sentensi fupi katika kilomita tatu za kwanza, apunguze mwendo na kuisahau saa ya mkononi. Waandaaji nao waanzishe mbio alfajiri. Mbio za saa kumi na mbili zikisubiri mgeni wa heshima hadi saa tatu, anayeumia ni mkimbiaji.

Kunywa maji kadiri ya kiu. Kunywa kupita kiasi huipunguza chumvi ya damu, na mwaka 2002 mkimbiaji mmoja wa Boston alikufa kwa sababu hiyo. Ukiwa na homa, usikimbie. Nenda ukapimwe malaria. Usimeze dawa za maumivu kama diclofenac au ibuprofen kabla ya mbio, kwani mwili ukipungukiwa maji huweza kuziumiza figo.

Hatari kubwa ni joto la mwili kupita digrii 40. Mkimbiaji huyumba, huropoka, hugombana na wanaomsaidia, au huzimia. Usidhani kwamba kwa kuwa bado anatoka jasho yu salama. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo za ziada, mmwagieni maji mwili mzima bila kukoma huku mkimpepea kwa leso au kadibodi. Kama lipo beseni kubwa au pipa la maji, mtumbukizeni hadi shingoni, kichwa kikishikiliwa. (Msimpeleke mtoni, Tana ina mamba.) Asipewe kitu cha kunywa ikiwa hana fahamu sawasawa. Mtu atafute gari wakati huohuo, lakini kupoza kuanze kwanza na kuendelee hata safarini, kwa maana dakika 30 za mwanzo ndizo huamua kama ubongo, ini na figo vitapona.

Na wewe uliyemaliza salama, tazama mkojo wako jioni na kesho yake. Ukiwa mweusi kama kahawa, misuli imeharibika na figo ziko hatarini. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama hujisikii mgonjwa.