Mgeni Hapokewi Mlangoni Tu: Usafiri na Ukarimu katika Miji Miwili ya Disney

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawakutueleza mgeni huyo atafikaje, wala ni nani atakayembebea mzigo wake kutoka bandarini hadi ukumbini. Sisi watu wa pwani, ambao riziki ya wengi wetu yatokana na wageni wanaoshuka kila msimu, twajua ya kwamba mwendo wa kutoka uwanja wa ndege hadi hoteli waweza kumfanya mtu akaipenda nchi au akaichukia kabla hajaonja hata tonge moja la chakula chetu.

Kwa sababu hiyo yafaa leo tuvuke bahari hadi Marekani, tukatazame miji miwili ya starehe iliyo mali ya kampuni moja, yaani Disneyland ya California na Walt Disney World ya Florida. Mwenyewe ni mmoja, mafunzo ya wafanyakazi yana asili moja, na hata sanamu za panya Mickey ni zile zile. Hata hivyo, namna mgeni anavyosafirishwa na kuhudumiwa huku si sawa na kule. Chanzo cha tofauti hiyo ni kitu ambacho kila mwenye kiwanja Diani au Shela atakifahamu upesi. Nacho ni ardhi.

SHAMBA LA MICHUNGWA

Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 katika mji wa Anaheim, mahali palipokuwa na mashamba ya michungwa. Walt Disney alipata ekari 160 hivi, na fedha zake zikaishia hapo. Hakuwa na uwezo wa kununua mashamba ya jirani. Basi wageni walipoanza kumiminika, wenye akili ya biashara wakajenga pande zote nyumba za kulala, mikahawa na maduka, wakala matunda ya mti ambao hawakuupanda. Hata hoteli yenye jina la Disneyland, iliyofunguliwa mwaka huo huo wa 1955, haikuwa ya kampuni. Ilikuwa ya tajiri mmoja aitwaye Jack Wrather, na kampuni haikuinunua ila mwaka 1988.

Jambo hilo lilimkera Walt Disney maisha yake yote. Katika miaka ya 1960 watu wake walikwenda Florida wakanunua mashamba na vinamasi kimya kimya, kwa kutumia majina ya makampuni mengine, ili bei isipande. Siri ilipofichuka mwaka 1965, tayari walikuwa wamekwisha kupata ekari zipatazo 27,000, eneo linalokaribia ukubwa wa mji wa San Francisco. Mwenyewe hakuyaona matunda yake. Alifariki tarehe 15 Desemba 1966, na ni kaka yake, Roy O. Disney, aliyeimaliza kazi. Walt Disney World ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, naye Roy akafariki Desemba ya mwaka ule ule.

CALIFORNIA NI MJI WA MIGUU

Ufinyu wa ardhi ulioonekana kuwa hasara umemletea mgeni wa California raha moja kubwa, nayo ni kutembea. Bustani ya pili, Disney California Adventure, iliyofunguliwa Februari 2001, imeelekeana na ile ya kwanza mlango kwa mlango, na kati yao pana uwanja tu wa kupita watu. Mama mwenye watoto aweza kutoka bustani moja na kuingia nyingine kabla mtoto hajaanza kulia. Hoteli ya Grand Californian ina mlango wake wa kuingilia bustanini. Ajabu ni kwamba baadhi ya nyumba za kulala zisizo za kampuni, zilizo ng'ambo ya barabara iitwayo Harbor Boulevard, ziko karibu na lango kuliko baadhi ya hoteli za Disney mwenyewe. Mwenye pesa chache halali mbali.

Chombo kinachojulikana zaidi huko ni treni inayopita juu ya reli moja, yaani monoreli. Ilizinduliwa tarehe 14 Juni 1959, na aliyealikwa kuizindua ni Richard Nixon, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani wakati huo. Mwaka 1961 reli iliongezwa ifike hadi hotelini. Lakini treni hiyo leo ina vituo viwili tu, na kwa kuwa kituo kimojawapo kiko ndani ya bustani, asiye na tiketi ya bustani hapandi. Kwa hivyo, ingawa ni usafiri, imebaki zaidi kuwa burudani.

FLORIDA NI NCHI NDOGO

Florida mambo ni mengine. Huko kuna bustani kubwa 4: Magic Kingdom ya mwaka 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Zimetawanyika kama vijiji, na kati yao pana misitu, maziwa na barabara kuu. Mwenyeji aliyechukua ardhi kubwa namna hiyo alijitwika pia wajibu wa kuwabeba wageni wake.

Naye huwabeba kwa vyombo vya kila aina. Monoreli ya huko ina njia za karibu maili 15, na mojawapo hupita katikati ya jengo la hoteli ya Contemporary, wageni wakiitazama kutoka ukumbini. Wanaokwenda Magic Kingdom kwa magari yao huyaacha mbali, ng'ambo ya ziwa lililochimbwa kwa mikono ya watu, kisha huvuka kwa monoreli au kwa feri. Mtu wa Likoni hatahitaji kuelezwa feri ni nini. Nia ya kupanga hivyo ilikuwa mgeni ayaache magari na kelele nyuma yake, aione bustani ikimjia polepole juu ya maji, kama vile msafiri anavyouona mji wa Lamu kutoka jahazini.

Tarehe 29 Septemba 2019 uliongezwa usafiri wa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, uitwao Skyliner, unaounganisha EPCOT, Hollywood Studios na baadhi ya hoteli. Zaidi ya hayo yote kuna mabasi mengi sana, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa usafiri wote. Basi, monoreli, mashua na vibanda hivyo havitozwi nauli, na wala mtu haulizwi tiketi ya bustani ili apande. Mgonjwa au mzee aliye katika kiti cha magurudumu huingizwa kwenye basi kwanza.

Lakini bure nayo ina gharama yake. Anayetaka kutoka hoteli moja kwenda nyingine aghalabu hana basi la moja kwa moja, bali hulazimika kubadilisha njiani, na saa nzima yaweza kupotea. Animal Kingdom haifikiwi na monoreli wala Skyliner, ni barabara tu. Aidha, tangu mwaka 2005 kampuni ilikuwa ikiwachukua wageni wa hoteli zake kutoka uwanja wa ndege wa Orlando kwa mabasi bila malipo, lakini huduma hiyo ilikomeshwa mwishoni mwa 2021. Sasa kila mtu hujitafutia gari lake. Wengi waliisikitikia, kwani pale ndipo mgeni alipokuwa akishikwa mkono kwa mara ya kwanza.

HARAMBE, NDUGU WA LAMU

Msomaji wa pwani atashangaa kusikia kwamba ndani ya Animal Kingdom kuna mji wa kubuni uitwao Harambe, na kwamba mabingwa walioubuni waliufananisha na Lamu yetu. Utaona kuta za chokaa zilizobabuka, mabango yaliyoandikwa Kiswahili, na hata ngome yenye maneno "Uhuru 1961". Kutoka hapo wageni hupanda malori ya wazi kwenda kutazama twiga na simba. Hoteli ya Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001, ina majina kama Jambo House, Kidani, Boma na Jiko, na wageni hukaribishwa kwa "Jambo".

Hali kadhalika, katika EPCOT kuna Morocco ndogo iliyofunguliwa Septemba 1984. Mfalme Hassan wa Pili alituma mafundi wake kuijenga, na mnara uliopo ni mfano wa ule wa msikiti wa Koutoubia wa Marrakesh. Nakshi za vigae zilifanywa kwa mujibu wa desturi ya Kiislamu, bila picha za viumbe.

Mambo haya mawili hayafanani. Morocco ilitia mkono wake katika kuijenga sura yake. Mji mfano wa Lamu ulijengwa na wageni waliokuja, wakatazama, wakapiga picha, wakarudi kwao. Si wizi, na waliofanya walifanya kwa ustadi, lakini yafaa tujiulize: ikiwa kuta zetu zilizobabuka zina thamani ya kuigwa ng'ambo ya bahari, mbona sisi wenyewe twazibomoa ili tujenge za saruji?

FUNGUO ZA UTUMISHI

Tukija kwenye huduma yenyewe, pande zote mbili hufuata mafunzo yaliyoanzishwa mwaka 1955 na mtu aitwaye Van France. Mteja haitwi mteja, huitwa mgeni. Wafanyakazi walifundishwa funguo 4 kwa utaratibu wake, yaani usalama, adabu, maonyesho na wepesi wa kazi. Miaka ya karibuni ukaongezwa ufunguo wa tano, wa kutombagua mtu yeyote. Utaratibu huo una maana. Dereva aliyechelewa hana ruhusa ya kukimbiza basi, kwa sababu wepesi huja baada ya usalama. Mfagiaji akiulizwa njia huacha ufagio na kueleza, tena haonyeshi kwa kidole kimoja bali kwa vidole viwili au kiganja kizima. Anayezungumza na mtoto huinama hadi macho yakutane. Adabu hizi kwetu zilifundishwa na bibi zetu bila mshahara.

Hata hivyo, funguo hizo hazikuzuia kila balaa. Usiku wa tarehe 5 Julai 2009 treni mbili za monoreli ziligongana Florida, moja ikirudi nyuma kwenye reli isiyogeuzwa, na dereva kijana wa miaka 21 akafa. Oktoba 2019, Skyliner ikiwa haijatimiza hata wiki mbili, ilikwama na watu wakakaa hewani kwa masaa.

Kuna pia lawama inayozidi kukua katika miji yote miwili. Tangu mwaka 1999 mgeni aliweza kuchukua kipande cha kumpunguzia foleni bila kulipa, awe tajiri au maskini. Mwaka 2021 njia hiyo ya bure ilikwisha, ikaja ya kulipia. Kwa utaratibu ulioanza Julai 2024, Florida humpa anayelala katika hoteli za kampuni nafasi ya kununua njia hiyo siku 7 kabla, na wengine siku 3, ambapo California nafasi zenyewe huchaguliwa siku ile ile. Kwa hivyo mgeni wa Florida hana budi apange safari yake kama mtu anayepanga harusi, na wa California aweza kuamka na kwenda. Lakini kote kuwili, baba asiye na ziada husimama juani na wanawe akiwatazama wenzake wakipita. Ukarimu unaouzwa kwa ngazi si ukarimu tuliouzoea barazani, ambapo kikombe cha kahawa kilimfikia kila aliyeketi.

TABASAMU LINA MWENYEWE

Jambo zito zaidi ni hali ya wale wanaotabasamu. Utafiti uliotolewa Februari 2018 juu ya wafanyakazi wa Disneyland ulionyesha kuwa zaidi ya mmoja katika kila kumi aliwahi kukosa makazi katika miaka miwili iliyotangulia. Watu waliowaelekeza wengine vyumbani hawakuwa na vyumba vyao wenyewe. Vyama vya wafanyakazi vilipigana, na mwaka 2023 wa Florida wakakubaliwa kima cha chini cha dola 18 kwa saa. Mwaka 2024, baada ya kupiga kura ya kuidhinisha mgomo, wa California wakapata dola 24.

Basi ipi bora? Mwenye wazazi wazee, watoto wadogo na siku mbili tatu, California itamchosha kidogo zaidi. Mwenye wiki nzima na asiyetaka kuendesha gari, Florida itambeba kila aendako, mradi awe na subira ya kungoja basi. Mwislamu anayekwenda Florida na aulize mapema, kwani baadhi ya mikahawa huandaa chakula cha halali kwa kuagiza kabla.

Ama sisi tunaoishi kwa wageni, tuna la kuchukua na la kuacha. Tuchukue ule utaratibu wa usalama kwanza, wepesi baadaye, tuwape madereva wetu wa matatu na manahodha wa mashua. Tuchukue na ile hekima ya kumtanguliza mgonjwa. Ila tusisahau kwamba yule kijana afagiaye ufuo alfajiri kabla wageni hawajaamka naye ni mwenyeji. Wahenga waliposema mwenyeji apone, hawakumaanisha mwenye hoteli peke yake.